Tulimpeleka mama Orlando, akakuta mji uliojengwa kwa mfano wa kwetu (uzi mrefu, wenye familia karibuni)

Mto Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu wote.

Jana mama kaniuliza tena kwa simu: "Ile barua ya watu wa Harambe umeshaandika?" Sijaandika. (Harambe ni mji wa kuigiza, wa mfano wa pwani yetu, uliomo ndani ya kiwanja kimoja cha Disney kule Orlando.) Nikaona kabla sijakaa na hiyo barua niwasimulie ninyi kwanza, maana humu kuna watu wa pwani, kuna waliowahi kufika, na kuna wazazi wanaojichanga ili siku moja wawapeleke watoto. Nitaandika kwa vipande, duka likitulia.

Mama yangu kazaliwa Pangani, ng'ambo ya Bweni. Utoto wake wote alikuwa akivuka mto kwenda shule. Juni 2024, shule zilipofungwa, tulikwenda Marekani: mama (alikuwa na miaka 74), mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka 7. Kaka yangu anaishi Atlanta, miaka kumi na minne hajarudi. Yeye ndiye aliyesema tukifika tusikae ndani tu, atatupeleka wote Orlando watoto wakaone ile ngome ya Disney wanayoiona kwenye televisheni.

Kuhusu viza niseme mapema kwa sababu najua mtauliza. Ada ilikuwa dola 185 kwa kila mtu, mtoto na mkubwa sawa, upate usipate hairudi. Watu watano ni dola 925. Kwa bei ya dola ya wakati ule, shilingi 2,600 hivi, tayari ni zaidi ya milioni mbili na laki nne kabla hujagusa tiketi ya ndege. Tuliweka akiba miaka mitatu, mimi na mke wangu, kwenye kikoba na pembeni. Kaka alibeba nyumba ya kufikia na gari. Bila yeye tusingeweza, na nasema hivi ili asije mtu akadanganyika kwamba ni safari ya kuamka asubuhi ukaondoka.

Tulipitia Addis Ababa hadi Atlanta. Tukapumzika siku nne, kisha tukaingia kwenye gari la viti saba kuelekea kusini. Ni kilomita kama 700, barabara pana muda wote, saa saba pamoja na kusimama kula na kuswali. Tulipanga nyumba Kissimmee, mji ulio jirani kabisa na viwanja vyenyewe vya Disney vya bembea na burudani.

Siku ya kwanza tulikwenda Magic Kingdom. Kwa asiyejua: Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, na ndani yake kuna viwanja vinne vikubwa, Magic Kingdom kikiwa kimojawapo, kila kimoja na tiketi yake na geti lake. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 100. Ukishaegesha gari (tulilipa dola 30 kwa siku) bado hujafika. Kuna ziwa mbele yako, na unavuka kwa kivuko.

Kile kivuko ndicho kilichomtuliza mama. Tangu Atlanta alikuwa kimya, kila kitu kikubwa mno, kila mtu ana haraka. Alipoona watu wamejipanga, mlango umeshushwa, na kivuko kinasogea kwenye gati taratibu kikigusa nguzo, akanishika mkono. Akasema, "Huyu nahodha anajua kazi. Tazama hakuigonga." Akasimama mbele kabisa na mjukuu wake hadi ng'ambo.

Ngome ina urefu wa mita 57. Watoto walipoiona walikimbia, na mke wangu akawakimbilia. Sitawachosha na bembea moja moja. Nataka niseme jambo moja la siku hiyo kwa sababu linawahusu wenye watoto wadogo.

Kila bembea kubwa ina kipimo cha urefu mlangoni. Space Mountain, ile treni ya kasi inayokimbia gizani, inataka sentimita 112. Mwanangu alikuwa na sentimita 110. Tulikaa foleni ya kungoja kupimwa, akavua kofia, akanyoosha shingo, akainua visigino kidogo ndani ya viatu. Binti mfanyakazi akapiga goti mbele yake, akamshusha visigino kwa upole, akaweka kile kijiti juu ya kichwa. Kikapita hewani, upana wa vidole viwili. Mtoto hakulia pale. Alisubiri tukafika pembeni, akaegemea ukuta, na machozi yakaanza kushuka bila sauti. Dada yake akasema na yeye hapandi.

Mama akamwambia mjukuu, "Na mimi wamenikataa. Mgongo wangu haufai. Twende tukatafute ya watu kama sisi." Wakaenda kwenye ile ya mashua inayopita taratibu katikati ya wanasesere wa mataifa yote wakiimba, It's a Small World. Ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya New York ya mwaka 1964. Wakapanda mara tatu. Mara ya tatu mtoto ndiye aliyekuwa akimwonyesha bibi yake nchi.

Pimeni watoto nyumbani, wakuu, na viatu wanavyovaa. Orodha ya vipimo ipo kwenye mtandao wao. Kama una mmoja anayefikisha na mmoja asiyefikisha, muulize mfanyakazi mlangoni: wana utaratibu wa wazazi kupokezana, mmoja anabaki na mdogo, mwingine anapanda, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya.

Naenda kufungua duka. Kesho Harambe.

---

Binti Mkonge

Kaka Mto Pangani, nimesoma hapo kwenye kivuko nikakumbuka MV Pangani na watu wa Bweni na baiskeli zao. Msalimie sana mama. Endelea, nimekaa.

---

Mlipakodi wa Kimara

Mkuu hongera kwa kumbeba mama. Wengi tunawatumia hela tu. Ila swali langu ni la dhati: kwa fedha hiyo, Mtanzania anaingia Serengeti kwa shilingi 11,800 na kodi ndani yake. Umeshawahi kuwapeleka watoto huko? Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe ninao watatu, na kila likizo wananiimbia Disney.

---

Mto Pangani

Mkuu Mlipakodi, swali lako ni zuri. Serengeti bado. Hifadhi ya Saadani tumekwenda mara mbili, ni jirani yetu, na watoto wameona tembo akitoka msituni karibu na bahari. Nitarudi kwenye hilo, maana Saadani ilitufuata hadi Florida.

Siku ya pili kaka alisema tunakwenda Animal Kingdom. Hiki kilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na kwa ukubwa wa eneo ndicho kikubwa kuliko vyote vinne. Tiketi ya mtu mzima ilikuwa zaidi ya dola 120 siku ile. Bei zao hubadilika kwa tarehe, siku za sikukuu hupanda sana. Mama tulimkodia kiti cha magurudumu, dola 12, kwa sababu jua la Juni kule ni la unyevunyevu, kama Tanga mwezi wa Februari upepo ukikata.

Katikati kuna mti mkubwa wa kutengeneza, mita 44, umechongwa wanyama zaidi ya mia tatu kwenye shina. Tukaupita. Tukavuka daraja. Na hapo ndipo mama aliposema, "Simamisha."

Mbele yetu kulikuwa na mji. Kuta za chokaa zilizobanduka, na mahali chokaa ilipobanduka unaona jiwe. Milango ya mbao mizito. Nyaya za umeme zimening'inia kutoka nyumba hadi nyumba. Matangazo ya rangi yameandikwa kwa mkono ukutani kwa Kiswahili. Barabara ina nyufa. Kwenye kibao: HARAMBE.

Mama akasoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu: "Ha-ra-mbe." Akanigeukia. "Mbona e moja? Harambee ina e mbili."

Akashuka kwenye kiti. Akaanza kutembea mwenyewe akishika ukuta. Alikuwa akiugusa ule ukuta kwa kiganja, kama mtu anayepima joto la mtoto. Akaniambia, "Hii si chokaa, lakini aliyeipaka ameitazama chokaa siku nyingi." Akatazama paa. "Na haya si makuti. Hizi ni nyasi, tena nyasi za bara." Baadaye nilisoma kwamba mapaa yale yaliezekwa na mafundi Wazulu waliotoka Afrika Kusini. Mama hakuwa ameambiwa na mtu.

Kichwa kilikuwa kinamuuma kwa jua. Akaona kibao kimeandikwa Dawa, akaniambia, "Duka la dawa lile pale, kaninunulie Panadol." Kaka ikabidi amweleze taratibu kwamba ni baa. Akanyamaza. Akauliza, "Nani aliwaambia waite pombe dawa?" Sikuwa na jibu la kumpa. Mke wangu akatoa Panadol kwenye mkoba.

Kisha chini, kwenye sakafu ya njia, tukakuta alama imeandikwa Uhuru na mwaka 1961.

Hapo alikaa. Kulikuwa na sehemu ya kukalia kando ya ukuta, akaiita baraza, akakaa. Mwaka 1961 mama alikuwa na miaka kumi na mmoja. Akawaambia wajukuu zake habari ambayo mimi mwanawe nilikuwa sijawahi kuisikia: kwamba usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba walimu waliwaambia wasilale, na babu yangu akawavusha mto kwa mtumbwi, watoto tisa, wakaimba bomani hadi asubuhi, na yeye alipoteza kiatu kimoja mtoni na hakupigwa. Binti yangu akauliza, "Kwa nini hukupigwa?" Mama akasema, "Kila mtu alikuwa na furaha, nani angepiga mtoto?"

Watu wanapita na aiskrimu, na yeye yupo pale anahadithia. Nilisimama nyuma yake sikuweza kusema.

Alipomaliza akatazama huku na huku, akauliza swali ambalo ndilo limenifanya nifungue uzi huu. "Mji mzuri. Wenyewe wako wapi?"

---

Kibaraza cha Lamu

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwamu, mtu wa Lamu, Kenya, na nimesoma hadi hapa nikasimama kazi.

Aliyebuni kile kiwanja, Joe Rohde, alizunguka Afrika Mashariki kabla ya kujenga, na Lamu ni mojawapo ya miji aliyoitazama kwa makini. Ndiyo maana mama amehisi alichohisi. Mji wetu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ngome yetu ilijengwa kati ya 1813 na 1821. Nimeona picha nyingi za Harambe. Ukuta wameupata. Rangi wameipata. Hata jinsi chokaa inavyoshika weusi wa mvua kutoka juu kwenda chini wameipata.

Sasa nikwambie walichokikosa. Nyumba ya Lamu haianzi kwa mlango. Inaanza kwa daka, kile kibaraza cha kuingilia chenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni anakaa pale, mzee anakaa pale, muuza samaki anapumzika pale, na aliye ndani anajua nani yuko nje kwa sauti. Ndani, kuta za chokaa zina zidaka za kuwekea vyombo vya thamani. Dari ni boriti za mikoko, na chumba kinakuwa chembamba kwa sababu boriti ina urefu wake, haivutiki. Ukubwa wa chumba chetu umeamuliwa na mti. Na barabarani kuna punda. Mji usio na punda kwangu mimi haujakamilika.

Kuhusu 1961: ni uhuru wa Tanganyika. Kenya ni tarehe 12 Desemba 1963, na harambee ni neno lililo kwenye nembo ya taifa la Kenya. Wamechukua neno la huku na mwaka wa huko. Kwa mji wa kubuni sioni ubaya, pwani ni moja. Lakini ile e ya pili mama yuko sawa kabisa, waiweke.

---

Msafiri wa Louisville

Habari zenu wapendwa. Mimi ni Mkongomani wa Bunia, niko Kentucky pamoja na familia tangu 2016. Tuliendesha kwenda Orlando saa kumi na tatu. Nataka kusema jambo kuhusu safari ya wanyama mle ndani, sijui kama ndugu Mto Pangani atafikia.

Ukipanda lile lori la Kilimanjaro Safaris, mwanzoni kabisa unaingia msitu, wanauita Ituri mdogo. Ituri ni kwetu. Na pale ndani kuna okapi, mnyama wa ukoo wa twiga. Okapi anaishi msituni katika Kongo yetu ya Kinshasa pekee duniani, hakuna nchi nyingine. Sisi tumezaliwa Ituri, picha yake iko kwenye noti ya faranga, lakini hifadhi ya Epulu, anakotunzwa, kwa miaka ya utoto wangu ilikuwa njia ya vita. Hatukuweza kwenda kutembea Epulu. Kwa hiyo okapi wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu nilimwona Florida, miguu ile ya milia, akila majani, na lori likapita.

Mke wangu alilia. Watoto wakafikiri tumefurahi. Tulikuwa tumefurahi pia.

---

Mto Pangani

Ndugu yangu wa Louisville, sisi tulimwona pia, lakini sikujua. Dereva alitaja jina, mimi nikawa napiga picha ya upande mwingine. Nimerudi kuangalia picha usiku huu, yupo kwenye kona, mgongo tu. Nimemwonyesha binti yangu na nimemsomea ulichoandika.

Basi nimalizie safari ya lori. Inachukua dakika kama ishirini. Twiga, tembo, faru, viboko, mamba, simba juu ya mwamba, wote hai na wote wazima. Barabara ile yenye mashimo na alama za matairi ni saruji, imefinyangwa ionekane udongo. Mibuyu mikubwa pia ni ya kutengeneza. Mwanangu, ambaye Saadani alikaa saa tatu ndani ya gari bila kuona kitu hadi akalala, alisema: "Baba, huku wanyama hawachelewi." Nadhani ndilo jibu la Mlipakodi wa Kimara. Huku wanyama hawachelewi, na mtoto wa mjini atafurahi sana, atarudi na picha. Saadani tembo alipotoka, saa kumi na moja jioni, tulikuwa tumekata tamaa, na mpaka leo watoto wanabishana nani alimwona wa kwanza. Kama fedha inatosha safari moja tu, mimi ningeanza na ya nyumbani.

Saa tisa mchana radi ikaanza. Florida kiangazi ni hivyo karibu kila siku, na radi ikikaribia bembea zote za nje zinasimamishwa. Tulijibanza chini ya paa za nyasi pale sokoni Harambe na mamia ya watu. Mvua ikapiga zile nyasi, ikatoa harufu. Mama akafumba macho. Chukueni makoti ya mvua ya plastiki kutoka nyumbani, mle ndani bei yake inaumiza. Maji ya kunywa ya bombani yenye barafu wanatoa bure kwenye migahawa ya haraka, ukiomba kikombe. Na unaruhusiwa kuingia na chakula chako: sisi tulibeba chapati na mayai ya kuchemsha siku zote mbili, vikatuokoa, maana suala la halali lilimfanya mama ale mboga na samaki tu.

---

Kauli Moja

Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Kampuni hiyohiyo ya Disney iliandikisha maneno "hakuna matata" kama alama yake ya biashara ya fulana kule Marekani, maombi ya 1994, usajili 2003. Mwaka 2018 Mzimbabwe mmoja alianzisha ombi la mtandaoni la kupinga na watu wengi wakasaini. Bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilikuwa imeyaimba maneno hayo tangu 1982, na kabla yao yalikuwa midomoni mwa watu. Sasa tunampeleka mama yetu akalipe dola 120 kuuziwa ukuta wa kwao. Linaniuma. Simlaumu mleta uzi, naomba tu tusilipite hili.

---

Mto Pangani

Ndugu Kauli Moja, sikulaumu hata kidogo, na mimi linaniuma. Alama ile haimzuii mtu kusema neno, inahusu kuliuza kwenye nguo katika nchi yao, lakini neno la watu ni la watu. Hata hivyo nilimtazama mama pale. Aliyejenga ule ukuta alikuwa amewatazama watu wetu kwa heshima, hilo siwezi kulikana, mama amelithibitisha kwa kiganja. Yote mawili yamo moyoni mwangu na sijui kuyatenganisha.

---

Mama wa Watatu

Kaka, mwanga kidogo kwa sisi tunaopanga. Siku ngapi zinatosha? Na bibi aliswali wapi?

---

Mto Pangani

Dada, kwa watoto chini ya miaka kumi, siku mbili za viwanja na siku moja ya kupumzika katikati. Mtoto wa chini ya miaka mitatu halipi. Msijaribu vyote vinne, mtatembea hadi miguu ivimbe, na mtoto aliyechoka hafurahii hata umpe mwezi. Fikeni kabla mageti hayajafunguliwa. Kuna njia ya kulipia zaidi ili kufupisha foleni, hatukulipa, tulipanda chache asubuhi mapema na zikatosha.

Mama tulimuulizia, na mfanyakazi mmoja mama mtu mzima akatupeleka kwenye kona tulivu pembeni ya kituo cha huduma ya kwanza. Alisimama mbali kidogo akiwazuia watu wasipite mbele yake hadi akatoa salamu.

Sasa kipande cha mwisho. Jioni ya siku ya tatu kaka alitupeleka kula Sanaa, mgahawa ulio ndani ya hoteli yao ya Animal Kingdom Lodge. Hatukulala pale, bei yake si ya kwetu. Lakini ukishaweka nafasi ya chakula unaweza kukaa dirishani, na nje kuna mbuga, twiga na pundamilia wanapita umbali wa kutupa jiwe. Moja ya mbuga za pale wameiita Arusha. Jengo lenyewe linaitwa Kidani. Mama akawaambia wajukuu kidani ni mkufu mzito wa dhahabu wa bibi harusi, na kwamba chake alikiuza mwaka nilipokwenda sekondari. Hilo nalo nilikuwa silijui.

Mlangoni kila mfanyakazi anakupokea kwa "Jambo!" Wanavaa beji yenye jina na mahali walipotoka. Kijana aliyetupokea, beji yake ilisema Botswana. Akasema, "Jambo!" kwa tabasamu. Mama akasimama sawasawa, akamjibu kama anavyojibu kila mtu: "Sijambo mwanangu. Hujambo wewe? Wazima nyumbani?"

Kijana akabaki kimya. Tabasamu likabaki lakini macho yakawa yanamtafuta kaka amsaidie. Kaka akamweleza kwa Kiingereza kwamba mama ameuliza hali yake na hali ya watu wa kwao. Yule kijana akasema amefanya kazi pale miezi minane, akisema jambo mamia ya mara kwa siku, na hakuna aliyewahi kumjibu kwa kumuuliza kitu. Mama yake yuko Maun, alisema, na ni mzima.

Mama akamshika mkono. Pale pale mlangoni, watu wakipita, akamfundisha: mimi nikikuuliza hujambo, wewe sema sijambo. Na mtu wa umri wangu unaanza wewe, unasema shikamoo, mimi nitasema marahaba. Kijana akajaribu. "Shikamuu." Mama akasema hapana, "moo, kama ng'ombe analia mbali." Akarudia hadi ikakaa.

Tulipotoka saa tatu usiku watoto wamelala begani. Yule kijana alikuwa anaongea na wageni wengine. Alipomwona mama aliwaacha, akaja mbio, akainama kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Ndani ya gari mama akaanza kunisomea barua. Nimeiandika nyuma ya risiti ya chakula, nayo ni hii, sijabadilisha neno:

"Waandikie kwamba nimeuona mji wao na umejengwa vizuri. Waambie Harambee ina e mbili. Waambie baa wasiiite dawa, mgonjwa atapotea. Waambie baraza bila mzee ni ukuta tu. Watafute wazee wawili, Pangani wako, Lamu wako, Mombasa wako, wawakalishe pale kwenye mwaka wa uhuru, wawape kahawa, ili mtoto akipita na kusema jambo apate wa kumjibu. Na yule kijana wa Botswana wampe likizo akamwone mama yake."

Anayejua anwani nzuri ya kuipeleka, naomba anitumie.

---

Kibaraza cha Lamu

Mkuu, iandike kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza chini yake. Nami naomba niongeze jina langu na la baba yangu hapo chini. Yeye ana miaka 81, na amesema kama ni kukaa barazani yuko tayari, ila kahawa iwe na tangawizi.